Chumvi, Nondo na Ngozi Isiyoonekana

Kipande kilichoanguka kutoka kwenye roshani yetu hakikuwa kikubwa. Upana wa sinia ndogo, unene wa kidole kimoja. Kilianguka alasiri, watoto wako chuoni kwa maalimu, kwa hivyo hakikumpata mtu. Fundi niliyemwita alikiokota, akakigeuza, akanionyesha mstari wa hudhurungi upande wa ndani.

"Nondo imefura, mzee wangu. Simiti haina makosa. Chuma ndicho kilichoisukuma."

Nikamwuliza mbona nyumba ya jirani, iliyojengwa kabla ya yetu na inayopigwa na upepo ule ule wa bahari, haijapasuka. Akacheka kidogo.

"Hilo Mola ndiye ajuaye. Labda wenzako waliweka biskuti."

Jibu lile lilinikaa kichwani, kwa sababu biskuti, zile za simiti wala si za chai, zina historia ndefu kuliko fundi wangu alivyodhani, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita vyuo vikuu. Watu huuliza, na wana haki kuuliza, inatufaa nini elimu hii ya vitu vya kuundia: watu wazima waliovaa makoti meupe wakitazama chuma, simiti, plastiki na udongo kwa hadubini mwaka baada ya mwaka. Nitajibu kwa chumvi. Mombasa hatuna haja ya kwenda kuitafuta.

Chuma kikiachwa nje hapa kisiwani hushika kutu baada ya wiki chache. Kila mwenye geti anajua. Chuma hicho hicho kikifukiwa ndani ya zege nzuri kinaweza kukaa miaka hamsini kikiwa kizima. Wengi hudhani ni kwa sababu zege inazuia maji. Haizuii. Zege ni sponji iliyokazwa, imejaa vijitundu visivyoonekana, na maji hupenya polepole. Kinachokilinda chuma ni ukali wa simiti, ule unaochubua mikono ya anayeichanganya bila glavu. Kwenye kipimo cha pH, ambacho maji safi husoma 7, maji yaliyomo ndani ya zege mpya husoma kati ya 12 na nusu na 13. Katika ukali huo chuma hujivika chenyewe ngozi ya oksaidi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, nyembamba kiasi cha nanomita chache tu. Gawanya milimita moja vipande milioni, kila kipande ni nanomita.

Ngozi hiyo ndiyo inayobeba ghorofa zetu. Ikiwa nzima, kutu haianzi.

Chumvi ikiyeyuka hutoa chembe ziitwazo kloraidi, na hizo zina kipaji kimoja kibaya: huitoboa ngozi ile. Huletwa na upepo wa kusi, hukaa ukutani, huyeyuka mvua ikinyesha, huingia kwenye vijitundu na kusafiri hadi kwenye nondo. Zikishakusanyika za kutosha mahali pamoja, ngozi hutoboka na chuma huanza kuliwa pale pale. Kutu inayozaliwa hutaka nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa. Zege hubeba mizigo mizito ukiikandamiza, lakini ukiitanua kutoka ndani haina ubavu. Hupasuka. Mpasuko huingiza chumvi zaidi, na siku moja sinia ndogo huanguka uani.

Kuna wanaomleta adui kwa lori. Mchanga wa ufuoni usiooshwa, au maji ya kisima cha chumvi yaliyotumika kwa sababu mfereji ulikauka wiki ile ya kumwaga slabu. Hapo kloraidi hazina safari ya kusafiri. Zimejengwa ndani tangu siku ya kwanza.

Sasa biskuti. Ni kijitofali kidogo cha simiti kinachowekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga zege, ili nondo isilale juu ya mbao. Zege inayobaki kati ya nondo na hewa, mafundi huiita kava. Swali langu kwa fundi, kwa lugha ya hesabu, lilikuwa hili: chumvi huchukua muda gani kuvuka kava?

Aliyeanza kulijibu hakuwa na habari na nyumba. Mwaka 1855, mjini Zürich, daktari kijana aitwaye Adolf Fick, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya anatomia, alitaka kujua vitu huenea vipi ndani ya maji yaliyotulia. Mawazo yake yalikuwa kwenye mwili wa binadamu. Alichukua mirija ya maji, akaweka chumvi upande mmoja, akapima jinsi inavyosogea. Akaandika sheria ya kuenea ambayo mpaka leo ina jina lake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mario Collepardi na wenzake wa Italia waliichukua hesabu ya daktari yule wakaipima kwenye zege iliyolowa chumvi. Ikakubali.

Na hesabu hiyo ina jambo ambalo jicho la kawaida haliwezi kulikisia. Muda wa chumvi kufika kwenye nondo haukui sawa na unene wa kava. Hukua kwa mraba wake. Kava ikizidishwa mara mbili, muda huzidi mara nne. Tuseme kwa mfano tu kwamba kava ya sentimita 2 huvukwa kwa miaka 8. Kwa zege ile ile, kava ya sentimita 4 itavukwa kwa miaka 32. Zege huongezeka kidogo, biskuti huwa nene, na umri wa nyumba unaruka kutoka mtoto wa darasa la pili hadi baba wa watoto.

Ningependa wanaouliza faida walitazame hili kwanza. Tumezoea kutarajia chuo kitoe kitu cha kushikika, mashine inayoweza kupigwa picha na waziri. Hapa kilichotoka ni sababu, na sababu haina uzito, haihitaji kontena wala kibali cha bandari. Fundi wangu alijua kwamba biskuti husaidia. Hakujua zinasaidia kwa kiasi gani, na bila kujua kiasi, biskuti ndicho kitu cha kwanza kuachwa mambo yakibana.

Sheria ya Fick ina pacha wake. Mwaka 1918 Duff Abrams, aliyekuwa akitafiti katika Lewis Institute, chuo cha Chicago, alichapisha alichokipata baada ya kutengeneza na kuvunja vipande vingi mno vya zege: ukitumia vifaa vile vile, nguvu ya zege huamuliwa na uwiano wa maji kwa simiti. Simiti inahitaji maji kidogo tu ili ishikane. Yanayozidi hayana kazi; hukauka na kuacha nafasi yalipokuwa, na nafasi hizo ndizo barabara za chumvi. Ile ndoo ya ziada inayomwagwa saa saba mchana, zege imeanza kukaza na vijana wamechoka na beleshi, inapunguza nguvu na kufungua njia kwa pamoja. Simlaumu mwenye beleshi. Zege ngumu inavunja mgongo. Siku hizi zipo dawa za kulainisha zege ambazo huifanya iteleze bila maji zaidi, tunda la kemia, lakini kwenye majengo madogo ya mitaani ni wachache wanaozinunua.

Mtu wa Mji wa Kale hapa atanikatiza: Ngomeni pale, Fort Jesus, imeanza kujengwa 1593 na ipo, na hao Wareno hawakuwa na Fick wala Abrams. Kweli. Hawakuwa na nondo pia. Matumbawe na chokaa hazina ngozi ya kutobolewa. Gharama yake waliilipa kwingine. Sakafu za nyumba zetu za kale zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, upana wake ukicheza kwenye mita 2 na nusu hadi 3. Chuma ndani ya zege ndicho kilichotupa ukumbi mpana. Tulipochukua ukumbi tukachukua na kutu.

Na hapo hapo Mji wa Kale kuna somo jingine la vitu vya kuundia. Ukuta wa matumbawe hupumua: unyevu huingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiupiga plasta ya simiti ili "uimarike", unyevu hufungiwa ndani, chumvi huganda kuwa fuwele nyuma ya plasta, na fuwele hizo huvunjavunja jiwe taratibu. Plasta inabaki nzuri na ukuta unakuwa unga. Wakarabati wa majengo ya kale husisitiza chokaa, na wazee waliokuwa na tanuu za chokaa walikuwa na haki.

Simiti yenyewe nayo inabadilishwa. Mfuko wa simiti huanza na chokaa mawe iliyochomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe hayo yakichomwa hutoa kaboni dioksaidi hata kama moto wenyewe ungekuwa safi. Bamburi wamekuwa wakichoma tangu 1954, juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, chini ya Karen Scrivener, pamoja na watafiti wa Cuba na India, wameunda simiti ambayo nusu hivi tu ni ile iliyochomwa kwa joto kubwa. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni udongo wenye kaolini, madini ya udongo mweupe, uliochomwa kwa nyuzi 800 hivi, pamoja na chokaa mawe mbichi iliyosagwa. Kaboni hupungua kwa kiasi kinachoweza kufika asilimia 40. Kwa mtu wa pwani, kinachovutia zaidi ni kwamba vijitundu vyake ni vidogo mno na kloraidi hupata taabu kupita. Haikosi udhaifu wake: hewa yenye kaboni dioksaidi huipunguzia ukali upesi zaidi kuliko simiti ya kawaida, na ukali, tumeona, ndio unaoilinda ngozi. Ila ikisikia neno "imechanganywa udongo", Mombasa nzima itasema tumeuziwa mchanga. Simiti nyingi za mfuko wa 32.5, namba ya daraja la nguvu, tunazonunua tayari zimechanganywa na pozolana, majivu ya volkano, na zikimwagiliwa maji vizuri kwa siku za kutosha huzuia chumvi kuliko wengi wanavyodhani. Zinaharibiwa na haraka ya kuzitelekeza juani siku ya tatu.

Utafiti pia hukosea, na ni vizuri kusema. Mwaka 1824 Humphry Davy, mwanakemia wa London, alipewa kazi ya kuzuia shaba iliyofunika meli za kivita za Uingereza isiliwe na bahari. Alibandika vipande vya zinki na chuma kwenye shaba. Bahari ikala zinki, shaba ikapona kabisa. Kisha meli zikaanza kwenda pole. Kumbe shaba ilipokuwa ikiliwa kidogo kidogo ilikuwa inatoa sumu iliyowafukuza viumbe wenye magamba na mwani. Ilipoacha kuliwa, wote walihamia. Manahodha wetu waliokuwa wakipaka shahamu na chokaa chini ya jahazi wangemwonya, kama angewauliza. Lakini wazo la zinki halikufa. Ndilo lililo juu ya kila bati la nyumba yako, zinki inayokubali kuliwa kwanza ili chuma kipone, na ndilo lililobandikwa kwenye meli za chuma mpaka leo.

Kutoka kwenye chumvi inayokula, twende kwenye chumvi tunayoinywa. Sisi ni watu wa kisiwa tunaouziwa maji kwa mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni. Maji ya Mzima, kule Tsavo, husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, yakifika hayatutoshi, na visima vingi vya hapa havifai chai.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, University of Florida, Charles Reid na Ernest Breton waligundua kwamba utando wa selulosi asiteti, kitu cha jamaa ya mkanda wa filamu, ukisukumiwa maji ya chumvi kwa nguvu huyaachia maji na kuizuia chumvi. Tatizo ni kwamba maji yalipita kwa matone. Ungekufa na kiu ukisubiri glasi. Kule Los Angeles, kwenye University of California, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walibadilisha namna ya kuumwaga na kuuchemsha utando ule, na maji yakapita kwa wingi wa kushangaza. Kisha wakakutana na jambo la ajabu: utando ulikuwa na uso na mgongo. Ukiuweka kichwa chini, chumvi hupita. Upande mmoja ulikuwa umejiotesha ngozi iliyokazana, nyembamba sana, na chini yake yote ilikuwa sponji ya kuishikilia tu. Wembamba wa ngozi ndio ulioruhusu maji kukimbia. Mwaka 1965 mtambo wa aina hiyo uliwekwa Coalinga, mji mdogo wa California uliokuwa ukiletewa maji ya kunywa kwa treni. Sisi tuna maboza. Wao walikuwa na mabehewa.

Tando za leo ni za plastiki ya poliamaidi, na zimo ndani ya mashine za maduka mengi ya kujaza maji mitaani, pamoja na mahoteli ya ufuoni. Kusafisha maji ya bahari kunahitaji shinikizo la mara 60 hivi ya hewa inayotuzunguka, na mitambo mizuri hutumia yuniti 3 hadi 4 za stima kwa lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50. Bei ya mtambo na matengenezo ni habari nyingine, na maji mazito ya chumvi yanayobaki lazima yarudishwe mahali bila kuua matumbawe. Poliamaidi nayo ina adui wa kuchekesha: klorini, ile ile tunayotia ndani ya maji kuua vijidudu. Watafiti wanautafuta utando usiojali klorini, na atakayeupata atapunguza bei ya mtungi.

Nimebakisha moja, iliyo karibu nasi kuliko zote. Kuanzia mwisho wa 2013 hadi mwisho wa 2024, kule Kwale ulichimbwa mchanga mzito, ukachambuliwa madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ukapakiwa melini Likoni. Ndani ya ilmenaiti na rutaili mna titani. Takriban tisa kwa kumi ya titani duniani huishia kuwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za ukuta, karatasi na dawa za meno. Kiasi kidogo hufanywa chuma cha titani, kwa njia ndefu yenye klorini, magneziamu na tanuri lisilo na hewa.

Chuma hicho hakijali chumvi. Nacho kina ngozi ya oksaidi, nanomita chache kama ya nondo, ila hii kloraidi haziiwezi, na ikikwaruzwa hujirudia papo hapo. Miaka ya 1950, Lund University huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kichungulio kidogo cha titani. Alipotaka kukitoa, kikakataa. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani. Mwili, ukiufikiria, ni bahari ndogo: damu ina chumvi karibu robo ya ile ya maji ya Nyali. Chuma cha kukaa humo lazima kiwe na ngozi ya kweli. Leo wanaovunjika mapaja kwa ajali za bodaboda hutoka hospitalini na vyuma ndani, vingine vya aina isiyoshika kutu, vingine titani.

Tuliuza mchanga, tunanunua rangi na skrubu. Sisemi tungeweza kujenga tanuri la titani Likoni. Umeme na mtaji wake si mchezo. Nasema tu kwamba tofauti ya bei kati ya shehena ile na skrubu moja ya mfupa imeundwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokaa maabara, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapo Tudor, chuo kikuu kamili tangu 2013. Si lazima waanze na titani. Wangetuambia tu, kwa mchanga wetu, simiti yetu na upepo wetu, chumvi inavuka sentimita moja ya zege ya Mombasa kwa miaka mingapi, kila mwashi kuanzia Kisauni hadi Mtongwe angekuwa na namba ya kushika.

Fundi alirudi Jumatatu. Nilitaka abandike kiraka. Akakataa, na alikuwa sawa, kwa sababu zege iliyolowa chumvi ikiachwa kando ya zege mpya, nondo huendelea kuliwa pembeni mwa kiraka. Akavunja yote iliyooza, akasugua, akabadilisha nondo mbili. Tulipima kava ya zamani: sentimita 1 na nusu. Nikamwambia aweke 5.

"Mzee wangu, ukiizamisha nondo hivyo slabu inakosa nguvu, labda uinenepeshe na iwe nzito. Mhandisi amekubali 4. Zaidi ya hapo simwagi."

Nikapiga hesabu ya Fick kichwani, 4 kwa 1 na nusu, halafu mraba wake. Karibu mara saba. Nikamwambia aendelee, ila ile ndoo ya pili ya maji aiache ngazini.